Skrini Yako Inaonekana Kwingine

Jumatatu, 3 Novemba

Nimehamia humu ndani ya simu. Daftari limeshindikana. Kidomo — mdogo wangu, miaka tisa, ulimi wa miaka arobaini — alilisoma lote, kisha akalisimulia mezani kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Simu ina nambari ya siri. Humu hasomi mtu. Naweza kusema lolote.

Basi niseme: nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza!

Leo umefunguliwa mtihani wa chuo cha wakalimani. Ni wa kuzungumza. Unasikiliza Kiingereza, unatoa Kiswahili. Unasikiliza Kiswahili, unatoa Kiingereza. Hakuna mtu mbele yako, ni wewe na simu. Ndiyo maana niliomba! Mimi mbele ya watu ulimi unakuwa gogo. Mwalimu akiniuliza darasani, jibu nalisikia kichwani kwa lugha zote mbili, na mdomoni halitoki hata kwa moja. Lakini nikiwa na simu peke yetu natiririka kama bomba lililopasuka. Chuo kingine kinachopima watu hivi sijakisikia. Vingine vyote vinakukalisha mbele ya meza yenye wazee watatu.

Mtihani uko wazi mchana tu, saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni, na mwisho ni Jumamosi. Nimerudi shule, nimefunga mlango, nimekunywa maji, nimebonyeza Anza. Swali la kwanza — safi. La pili, niko katikati ya sentensi tamu kabisa, skrini ikawa nyekundu:

"Skrini yako inarekodiwa au inaonekana kwenye kifaa kingine. Jaribio limesitishwa. Onyo la 1 kati ya 3."

Kifaa kingine kipi? Chumbani humu kifaa kingine cha umeme ni taa. Nayo imeungua!

Ukifika onyo la tatu, jina linafutwa kwa udanganyifu. Mimi, mdanganyifu! Mimi ambaye nikisingizia kuumwa tumbo, linaniuma kweli.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepiga simu huduma kwa wateja. Nilijikusanya tangu asubuhi. Niliandika hata cha kusema.

Kaka wa huko kasema: dada, ongea kwa sauti, sikusikii. Nikaongea. Kasema: dada, bado sikusikii. Mwishowe Kidomo kaninyang'anya simu, kashika kiuno, kaanza: "Sikiliza, kaka. Dada yangu anasema hivi…" Anayetaka kuwa mkalimani anatafutiwa mkalimani! Niliona aibu mpaka kwenye kucha.

Na jibu lenyewe? Mfumo haukosei. Zima programu zinazorekodi skrini. Sina! Basi zima simu uwashe. Nimezima, nimewasha. Mfumo haukosei, dada, uwe na siku njema.

Simu yenyewe ilikuwa ya bibi. Shangazi alipomchukua bibi akakae kwake, akamnunulia nyingine, hii nikarithi mimi Jumapili jioni na makolokolo yake yote. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyemtengenezea bibi, kwa sababu ya macho yake: herufi kubwa kama za bango la barabarani, kengele ya kumeza dawa, vialama vidogo vimejipanga juu na sijui hata kimoja kinafanya nini. Kisha akafunga mipangilio yote kwa nywila, bibi asije akabonyeza akapotea. Nywila anayo yeye. Na yeye yuko kazini porini, anafunga minara ya mtandao. Huko anakofunga mtandao, hakuna mtandao!

Nyumba kimya bila TV. Mama ana sheria yake: mitihani ikikaribia, TV inahama. Mwaka jana ilikwenda kwa shangazi. Mwaka huu iko kwa kinyozi, ambaye tunagawana naye ukuta — huu huu ninaouegemea. Jumapili aliibeba yeye na mama, huku na huku, Kidomo akifuata nyuma analia kama anasindikiza jeneza.

Ingekuwa afadhali kama kinyozi angeitazama tu akanyamaza. Lakini anaimba! Kutwa! Ana sauti ya bawaba isiyoonja mafuta tangu ifungwe. Mtu ananyolewa ndevu na masikio yananyolewa hapo hapo.

Sasa hivi wamecheka huko, kicheko kimepita ukutani. Wenzangu wana raha zao.

Jumatano, 5 Novemba

Ajabu. Kinyozi leo haimbi. Hata mluzi hakuna.

Nimetumwa dukani uzi mweupe. Lazima nipite mlangoni kwake, nami hupita pale kama mwizi. Mzee mmoja, povu nusu shavu, kanyanyua mkono: "Usikate tamaa, binti. Mashine ni mashine tu, isikutie presha." Wengine wakaitikia kabisa! Nimekimbia. Nimesahau uzi, nimerudishwa.

Nani kawaambia habari za mtihani wangu? Nani mwingine! Kidomo alikatwa nywele pale jana. Nimemwambia mama: huyo mtoto wako anauza habari zetu kwa kinyozi. Kidomo kaapa kwa majina yote anayoyajua. Mama kamkazia macho, kasema: mdomo uliponza kichwa. Vizuri. Ajifunze.

Alhamisi, 6 Novemba

ONYO LA PILI.

Nilifuta kila kitu. Michezo, picha, redio, hata ile ya tochi. Nilibakiza programu ya mtihani na hii ya kuandikia, basi. Nikafunga dirisha. Nikafunika kioo cha kabati kwa khanga, maana huwezi kujua. Nikaanza. Swali la kwanza, la pili, la tatu — nilikuwa nimeota mabawa! — pap, nyekundu. Skrini yako inaonekana kwenye kifaa kingine.

Nimeuma mto. Nani anaitaka skrini yangu? Ina nini? Mashine inanisingizia na hakuna pa kukata rufaa. Kama una macho makali hivyo, basi nionyeshe huyo anayenitazama! Hapana. Unanitia wasiwasi, kisha unafunga mlango.

Na jambo jingine, maana leo siku nzima ni mkosi. Mama kaunguza gauni la bi harusi.

Umeme ulikatika anapiga pasi, akaiacha kitambaani akaenda kufungua mlango. Umeme ukarudi kimya kimya kama mgomvi. Tundu la ukubwa wa kisahani cha chai, kiunoni kushoto. Sijawahi kumwona mama vile. Hakulia. Alikaa chini, mguu bado uko juu ya kanyagio la cherehani, akaliangalia. Halafu kakata lesi iliyobaki, kashona ua, kalifunika tundu. Kashona na la pili kulia, lionekane ni mtindo. Ukitazama hujui. Mimi nilikuwepo na bado sijui.

Saa kumi shangazi yake bi harusi kaja kulichukua, mwanamke mrefu, mkufu juu ya mkufu. Kapiga vigelegele kwa ajili ya yale maua! Kasema, fundi, una mkono wa peke yake. Mama katabasamu. Alipoondoka, katuambia mimi na Kidomo: siri ya nyumba hukaa nyumbani. Kazi ya mama ni jina lake. Likichafuka hilo, cherehani inabaki meza.

Nakuambia wewe tu, simu. Wewe huna mdomo.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijathubutu kugusa mtihani. Onyo moja limebaki.

Jana usiku baada ya chakula nilijaribu sehemu ya mazoezi, ambayo haihesabu maonyo. Ilikubali! Mwanzo mpaka mwisho, hakuna wekundu wowote. Leo nimerudi shule nikajaribu yale yale mazoezi: nyekundu. Kwa hiyo simu hii ina pepo wa mchana. Kinyozi akifunga duka, pepo naye analala.

Kinyozi mwenyewe siku hizi kafurika. Tangu saa tisa wamejazana, wengine hata hawana nywele za kunyoa. Nimesikia mmoja akiuliza, "Leo mbona amechelewa kuanza?" Mpira labda. Nikadhani nitaandika katikati ya kelele. Wapi! Nilipoanza tu kuandika, kimya. Namshukuru Mungu kwa hili dogo.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike nitulie, kisha nifanye mtihani. Leo ni mwisho. Saa kumi na nusu sasa, na mtihani unakula nusu saa nzima.

Shangazi yake bi harusi amerudi. Na gauni. Hakupiga hodi, kaingia moja kwa moja mpaka kwenye cherehani. Kasema: fundi, umetuuzia kiraka! Mama kasema, kiraka gani, dada yangu? Mwanamke kaligeuza gauni, kidole juu ya ua la kushoto. "Hapa chini pana tundu. La ukubwa wa kisahani cha chai! Umeme ulirudi kimya kimya kama mgomvi, si ndiyo? Na hili la kulia umeliweka lionekane ni mtindo!"

Mama kapauka. Kauliza, nani kakwambia? Kasema, mume wangu. Kaisikia kwa kinyozi, duka zima linajua. Harusi kesho!

Mama kageuka taratibu. Hakunitazama mimi. Kamtazama Kidomo.

Kidomo kasema, "Si mimi, mama. Wallahi si mimi." Mama kasema, ulisemwa juzi ukaapa vile vile. Kidomo kanigeukia, kwa jina alilonipachika yeye, "Dada Kimya, waambie!" Mimi nimesimama mlangoni na ulimi wangu wa gogo. Nilirudi chumbani.

Lakini kuna kitu kinanikera, kimenasa kama mfupa wa samaki. Kisahani cha chai. Kidomo hakusema kisahani. Mama hakusema kisahani. Umeme kurudi kama mgomvi — nani anasema hivyo? Hayo ni maneno

Hayo ni maneno yangu. Niliyaandika humu. Humu tu.

Skrini yako inaonekana kwenye kifaa kingine.

Ngoja. Bibi. Bibi akikaa sebuleni, akifungua picha za wajukuu, zinatokea kwenye TV zenyewe, kubwa kama mlango. Hakuna aliyegusa kitu. Sisi tulizoea, tuliona ni kawaida ya nyumba. Kaka ndiye aliyeunganisha: simu hii ikiiona TV ile imewashwa, inajirusha yenyewe. Na kile kialama cha pembeni juu, kama kisanduku chenye mawimbi — kipo sasa hivi. Kinawaka.

TV iko upande wa pili wa ukuta, bado inashika mtandao wetu. Imewashwa. Kutwa.

Na herufi za bibi.

Hapana hapana hapana. Sauti ya bawaba! Ndiyo maana kaacha kuimba. Mzee wa povu. "Amechelewa kuanza." Nami nikashukuru kwamba wananyamaza nikiandika. Walikuwa wanasoma!

Kumetulia sana huko sasa hivi.

Kama mnasoma hii, gongeni ukuta.

Wamegonga.

Sijui nicheke au nijifunike blanketi mpaka nizeeke. Wamegonga wengi, si mmoja! Na mmoja kasema wazi kabisa, nimemsikia: "Masikini, amejua."

Amejua! Wiki nzima! Mtu mzima anaona shajara ya mtoto wa watu ukutani, anakaa, anakunja nne? Hata kukohoa hakohoi? Ninyi mnalea watoto? Mngejisikiaje mkisomwa ninyi? Na wewe mume wa mwenye mikufu, uliyeipeleka habari mpaka kitandani kwako — huku Kidomo analia kwa ajili yako! Tena na wewe kinyozi, wewe ndiye umepewa TV uitunze. Ulikuja kwetu kuomba chumvi Alhamisi hiyo hiyo. Ulimwangalia mama usoni!

Kinyozi kajibu kupitia ukutani. Anasema, binti, tusamehe, tulidhani ni mchezo wa kuigiza. Siku ya kwanza. Ya pili tukajua. Ya tatu tukaona aibu kukwambia kwamba tulijua ya pili. Anasema pia, kila ukifungua mtihani huku panakuwa giza, hatujawahi kuona swali hata moja, haki ya Mungu.

Kumbe! Mtihani ndio uliojificha. Mtihani peke yake ndio ulioniambia ukweli tangu Jumatatu, na mimi nikautukana wiki nzima. Mfumo haukosei, dada.

Saa kumi na moja imegonga. Nifikiri. Kialama siwezi kukizima, kimefungwa kwa nywila ya kaka, na kaka yuko juu ya mnara. Nikitoka nje mbali na TV hii, mtandao wa nyumbani unakatika getini, na salio sina. Basi ni TV izimwe. Ni kuchomoa waya tu. Naingia mtihanini, sehemu tulivu, naongea na simu, saa kumi na moja na nusu na ushee nimemaliza. Hakuna atakayeniona.

Lakini huku sebuleni mama kamwambia Kidomo akalete mwiko.

Mimi ndiye niliyeanza kusema anauza habari. Mimi, Jumatano, kwa mdomo wangu huu. Siku moja tu mdomo wangu ulifanya kazi, na tazama ulichofanya.

Sikilizeni huko. Siwezi kwenda mbele ya yule mwanamke. Nikifika pale nitakuwa gogo, najijua. Kinyozi, nenda wewe. Mwambie mama si Kidomo. Mwambie ni simu, ni TV, ni sisi sote, ila si Kidomo. Tafadhali. Unanidai nini? Hapana, mimi ndiye ninayekudai!

Nasikia kiti kinasukumwa.

"Hodi!" Kafika. Mama anasema, jirani, leo siyo siku nzuri. Kinyozi anasema, najua, mama, nimetumwa. Na nani? Na TV. Mwanamke wa mikufu anasema, hii nyumba wote wamechanganyikiwa. Kinyozi anaanza kueleza, anapotea njiani, anarudi, anataja bibi, anataja bawaba. Haeleweki! Mtu huyu anaongea kutwa na siku ya kuongea hajui! Anasema simu inaruka ukuta. Mama anauliza, simu ina miguu? Kinyozi anasema, mama, mimi ni mtu wa mkasi. Anayejua ni binti yako.

Mama ananiita. Kwa jina langu lote, la shuleni na la nyumbani. Anasema, kama una neno, mwanangu, njoo uliseme hapa. Sitaki mjumbe.

Kidomo naye, kwa kwikwi: "Hawezi, mama. Yeye hawezi. Niulize mimi, nimtafsirie."

Yule mtoto! Anakaribia kupigwa kwa ajili yangu na bado anataka kunisemea.

Saa kumi na moja na dakika kumi na tano. Kialama bado kinawaka, kinyozi kaja kwetu bila kuzima! Huko kwake wamebaki wateja peke yao na wembe. Wamenyamaza. Wanasoma hili nalo, najua. Nasikia mtu anajikuna.

Cha kusema ninacho. Ninacho kwa Kiswahili, ninacho kwa Kiingereza. Mama, ni mimi. Maneno matatu, hata mtoto anaweza. Nikienda sasa, na yule mwanamke asipofoka sana, na mama asipo— haya, nusu saa ya mtihani inabaki, labda. Labda haibaki.

Mwiko umewekwa mezani. Nimeusikia. Umewekwa taratibu, ananingoja.

Nainuka. Ninyi huko, yeyote aliye karibu na swichi, msikae tu mnatazama, chomoeni huo waya kabla sija